Upenyo wa Milimita Tano

Mtu asiyetaka chochote kutoka kwangu namwogopa kuliko mwizi. Mwizi najua anataka nini. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba kule Muyinga kuna mwalimu anayefundisha vijana kazi za visima vya mafuta, tena hatozi kitu, mradi tu wamsaidie kutengeneza mashine za kusaga kwenye karakana yake, nilimuuliza swali moja.

"Na yeye anapata nini?"

"Mashine zinatengenezwa, Baba."

"Na baada ya mashine?"

Akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na minne na tulikuwa tunafanya kazi pamoja tangu amalize shule, hapa Yoba, mjini Gitega, kwenye kibanda changu cha kuunganisha mabomba na kuchomelea. Pampu za kuoshea kahawa za kule Giheta, mabomba ya maji ya Nyarusange, yote tumeyafunga mimi na yeye. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, na sikuwa nimemwambia.

Nchi yetu haina kisima cha mafuta hata kimoja. Mafuta tunayoyajua sisi ni yale ya kupangia foleni. Sasa mtu anafundishaje visima mahali ambapo hata petroli ya pikipiki unaisubiri tangu alfajiri? Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba kazi iko ng'ambo, kwa majirani, na kwamba mwalimu mwenyewe alifanya kazi huko miaka mingi kabla ya kurudi kwao Muyinga. Nikamwambia hata mimi naweza kusema nimerudi kutoka mwezini.

Sikuzaliwa hivi. Nilikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na nilipokuwa kijana alikuja bwana mmoja mwenye daftari kubwa lililopigwa mistari. Alisema anaandikisha vijana wa kupelekwa kusomea ufundi. Alituchukua picha, tukaweka dole gumba, tukaambiwa lori litakuja Jumatatu. Jumatatu ile mama alinifulia shati na mimi nikakaa barabarani mpaka jua likazama. Lori halikuja, na bwana yule hatukumwona tena. Tangu siku ile nikiona mtu ana daftari natafuta mlango uko wapi.

Binti yangu alikwenda hata hivyo. Ni mtu mzima, sikuweza kumfunga kamba. Ila nilianza uchunguzi wangu. Niliwauliza madereva wanaokwenda Muyinga kupitia Karuzi. Nilimuuliza muuza vitenge aliyeolewa kule. Nilimuuliza mtu wa kanisani kwetu mwenye shamba upande ule. Wote walisema mwalimu yule ni Mwislamu wa ukoo wa mafundi, mtu mtaratibu, baba yake alikuwa akitengeneza cherehani za mji mzima. Hakuna aliyemsema vibaya, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mtu asiyesemwa na yeyote katika mji wa biashara si mtu wa kawaida.

Mwisho wa mwezi wa kwanza binti yangu alikuja nyumbani na daftari. Alipokwenda kuoga nikalisoma. Sioni aibu kusema.

Alikuwa ameandika vizuri, na michoro. Kichwa cha kisima, kumbe, ni mabomba na vali zilizopangwa moja juu ya nyingine kwenye mdomo wa kisima, kuzuia kinachotaka kutoka chini kwa nguvu. Vipande hivyo vinaunganishwa kwa flanji, zile sahani nene za chuma zenye matundu pembeni, mbili zinatazamana na boliti zinazibana. Hizo nazijua. Nimezifunga maisha yangu yote. Lakini flanji za huko, daftari lilisema, zina kanuni ya dunia nzima: ukubwa wake, uzito wa presha inayoistahimili, aina ya chuma, vyote vinagongwa ubavuni kwa herufi, na asiyejua kuzisoma asiziguse.

Nikaendelea kusoma nikitafuta uongo, na nikaupata mahali pawili.

La kwanza: "Boliti kuingia si ushahidi." Aliandika kwamba kuna flanji ya bomba la kawaida na flanji ya kichwa cha kisima, zote za inchi mbili, zenye matundu manane yanayolingana na pete ileile ya katikati. Ukiziweka pamoja zinafungana bila shida. Lakini moja inastahimili paundi elfu mbili kwa kila inchi ya mraba, na nyingine haifiki hata elfu moja na mia tano.

La pili lilinifanya nicheke peke yangu. "Aina ya 6B: nyuso hazigusani. Unabaki upenyo. Inayoziba ni pete ya chuma iliyo kwenye mfereji. Aina ya 6BX: nyuso zinagusana. Usichanganye." Na chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Pete inatumika mara moja tu."

Upenyo! Nisikilizeni. Miaka yangu yote, flanji nikiifunga nakata gasketi kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, naiweka katikati, nakaza mpaka mpira uchungulie nje pande zote. Hapo ndipo najua nimemaliza. Panapopita mwanga, maji yatapita. Fundi yeyote wa Gitega atakuambia hivyo. Na huyu anawafundisha watoto wa watu kuacha uwazi unaoingia ncha ya kisu, kisha awapeleke wakasimame mbele ya mafuta yanayotoka chini ya ardhi kwa nguvu hizo.

Binti yangu alitoka kuoga, akaniona nimelishika daftari.

"Baba, mumesoma?"

"Nimesoma. Mwalimu wako hajui hata kufunga bomba la shule."

"Hiyo yetu ni ya maji ya mlimani, Baba. Mpira unatosha. Kule mpira hauna dakika mbili."

"Na upenyo?"

"Upenyo ndio unaokuambia pete inafanya kazi. Nyuso zikigusana, maana yake pete imepondwa."

Alisema taratibu, kwa heshima, kama mimi nilivyokuwa nikimweleza alipokuwa mdogo. Iliniuma. Nikamwambia siku watakapokuja waajiri wa ng'ambo kuwapima, wataona upenyo huo na watacheka. Akasema tutaona.

Siku ya kupimwa ilifika, ilikuwa Ijumaa. Nilisafiri Alhamisi, nikasema nampelekea chakula. Nilibeba mihogo na mboga za lengalenga, lakini safari yangu haikuwa ya lengalenga. Nilikwenda kumkamata mwalimu mbele ya mashahidi.

Karakana, nilipoingia Ijumaa asubuhi, ilikuwa nyuma ya nyumba ya matofali, safi kupita karakana zote nilizowahi kuona, jambo ambalo nalo sikulipenda. Ukutani palikuwa na maandishi ya chaki: usiongeze bomba kwenye mpini wa spana. Mwalimu alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu muzee. Mi nakujua we. Binti yako anakuongeleaka kila siku."

"Anasema nini?"

"Anasema baba yake hakuna bomba imemushinda."

Nikasema moyoni, huyu anajua kuweka sukari. Nikamuuliza habari ya upenyo papo hapo. Hakuhamaki. Akanishika mkono mpaka kwenye benchi na kunionyesha pete ya chuma yenye ukubwa wa bangili.

"Angalia, muzee. Hii pete iko laini kuliko chuma ya flanji. Ukikaza sawasawa, inalala ndani ya mufereji, inaziba, chuma kwa chuma. Donc, ni kusema, hapa inje inabakia nafasi, kama milimita tano. Kama nafasi iko sawa pande zote, iko bien, umekaza muzuri. Kama huku iko kubwa na kule ndogo, ni kusema umekaza vibaya."

"Na maji hayapiti?"

"Utaona mwenyewe leo."

Mtu anayesema utaona mwenyewe, mimi huwa najiuliza ni nini hataki nikione sasa.

Waliokuwa wanapimwa walikuwa watatu: binti yangu, kijana mmoja wa Nyarusange, na mwingine wa palepale mjini. Aliyekuja kuwapima alikuwa mama mmoja injinia kutoka ng'ambo, mtu wa maneno machache, aliyeandika kila kitu kwenye karatasi aliyoiegemeza kwenye kibao. Sheria yake ilikuwa fupi. Kila mmoja afunge kiungo chake cha flanji mbili asubuhi, apime upenyo pande nne, aandike, aweke saini na kutundika kikaratasi. Mchana, baada ya swala na chakula, kiungo kitajazwa maji kwa pampu ya mkono mpaka geji ya presha isome paundi elfu mbili. Kikishika, umepata kazi. Kikivuja, unarudi kwenu. Na tangu saini mpaka pampu, kiungo ni cha mwenyewe. Anajua yeye atakilindaje.

Nilimtazama binti yangu akifunga. Alisafisha mfereji kwa kitambaa, akapitisha kidole humo mara tatu. Aliigeuza pete mwangani, akaipaka mafuta kidogo. Boliti nane, na hakuzikaza kwa kuzunguka kama tunavyofanya sisi. Alikaza hii, akavuka kwenda ya upande wa pili, akarudi, kidogo kidogo, akipima na kuandika. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi hivyo. Nilijivuna, na wakati huohuo nilikuwa nauangalia upenyo ule umebaki wazi.

Adhana ikalia. Mwalimu na kijana wa mjini wakaenda msikitini, yule mama akaenda kupumzika. Kijana wa Nyarusange alikuwa na njaa lakini hakutaka kuondoka.

"Twende tule," binti yangu akamwambia. "Baba atatulindia. Baba yangu hamwamini hata nzi."

Walicheka wote wawili, na mimi nilicheka. Akanishika bega. "Baba, asiguse mtu. Naenda na kurudi."

"Nenda," nikasema. "Hata mwalimu wako hatasogea hapa."

Nikabaki peke yangu na viungo vitatu kwenye benchi. Kijana wa Nyarusange alirudi mara moja mbio, akachukua kofia yake msumarini, akatoka. Nilimfuata kwa macho mpaka mlangoni.

Kisha nikainama. Vyote vitatu vilikuwa na upenyo. Nilipitisha ukucha kwenye kile cha binti yangu, ukaingia wote. Nikafikiri juu ya yule mama na kibao chake, na binti yangu amesimama mbele yake na maji yanamrukia usoni kwa sababu ya mafundisho ya mtu aliyerudi kutoka nisikokujua. Niliogopa kweli, na sisemi ili nionewe huruma. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaichukua spana ukutani. Palikuwa na kipande cha bomba kwenye chuma chakavu, nikakichomeka kwenye mpini ili nipate nguvu. Maandishi ya chaki nilikuwa nimeyasoma, nikaona yameandikwa na mtu asiyetaka wenzake wakaze vizuri.

Nilianza na boliti zilizokuwa upande wangu, kwa sababu za upande wa pili zilikuwa zimegeukia ukuta. Nati ya kwanza ililia. Ya pili ikalia. Upenyo ukaanza kufungika, nikafurahi. Kwenye ya tatu nilitumia uzito wangu wote. Viungo vya wale wengine sikuvigusa. Kila mtu na baba yake.

Nikasikia sauti uani kabla sijafika zile za ukutani. Nikaiweka spana dirishani, nikafuta mikono, nikakaa.

Walianza na kijana wa mjini. Mwalimu mwenyewe alipampu. Geji ikapanda, mia tano, elfu, elfu moja na nusu, elfu mbili, ikasimama. Yule mama akaitazama saa yake muda mrefu. Halikutoka hata tone, na upenyo ulikuwa wazi, naona ukuta ng'ambo ya pili. Wakaja kwa kijana wa Nyarusange. Ikapanda, ikasimama, hakuna tone.

Nilitaka kusema ngojeni. Nikasogea mbali na dirisha.

Cha binti yangu hakikufika elfu. Maji yalichomoka ubavuni, upande wa ukutani, membamba na makali, yakampiga mwalimu kifuani. Akaachia presha haraka. Binti yangu alichukua kipimo, akapima upenyo pande nne, akapima tena, kisha akafungua karatasi yake ya asubuhi. Asubuhi pande zote zilikuwa sawa. Sasa upande mmoja ulikuwa karibu kugusana na mwingine umeachama.

"Mutu amegusa hii kitu," mwalimu akasema.

Yule mama akauliza nani alikuwa humu ndani.

"Baba yangu," binti akajibu, na sauti yake ilikuwa na nguvu. "Alikuwa analinda. Hakuna mtu angeweza kugusa Baba akiwa hapa." Akanigeukia. "Baba, nani aliingia?"

Nilisema, "Huyu aliingia kuchukua kofia."

Ilikuwa kweli, kila neno. Katika maisha yangu sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Kijana wa Nyarusange akasimama. "Ego, ndiyo, niliingia. Ni kofia tu, mama. Wallahi—" Akaishia hapo, maana yeye ni Mkristo kama mimi, na hofu ndiyo iliyomwazimisha kiapo cha watu. Wote walikuwa wanamwangalia. Nilijua wanavyomwangalia. Ni macho yangu yale, niliyokuwa nimeyabeba kutoka Gitega nimletee mwalimu.

Binti yangu hakumwangalia. Alikuwa anaiangalia spana pale dirishani, na kipande cha bomba kikiwa bado kwenye mpini. Katika karakana ile hakuna mwanafunzi aliyekuwa akifanya hivyo. Mimi nafanya hivyo tangu yeye hajazaliwa. Alikwenda, akakichomoa kile kipande, akakilaza chini polepole, akanitazama. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka kuziba."

Yule mama hakunipa hata nafasi ya kueleza. Alimuuliza binti yangu, "Nani alimchagua mlinzi?"

"Mimi."

Akaandika. Nilimwona akiandika, nikaona lori lile lisilokuja, safari hii nimelizuia mimi.

Aliyesema alikuwa mwalimu, nguo yake bado imelowa. "Mama, mi ndiye niliacha muzee aingie. Kosa iko yangu. Pete iko imebakia moja, niliifichaka. Mupe yeye afunge tena." Yule mama akafikiri. Akasema sawa, mara moja tu, kisha akaniangalia usoni.

Aliajiriwa, niseme mapema, ili usibaki na wasiwasi kama wangu. Kiungo cha pili kilishika elfu mbili. Yuko kule sasa, hupiga simu kila Jumapili, ananiuliza habari za mgongo wangu na za pampu za Giheta. Kuhusu kazi yake haniambii kitu, na mimi sithubutu kuuliza.

Lakini nataka kuandika jinsi kiungo kile cha pili kilivyofungwa, na siwezi, kwa sababu sikukiona. Kabla hajaanza, binti yangu alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama tunavyowashika wakubwa.

"Baba, naomba mukae inje."

Nikatoka. Akamwita yule kijana wa Nyarusange, akamwambia asimame mlangoni, asiingie mtu. Kijana alisimama, mgongo kwenye mlango. Nilimwomba msamaha. Akasema ntakibazo, muzee, hakuna neno. Jua lilikuwa kali pale uani, akaona nimesimama tu, akaniletea kiti. Alikiweka mbali kidogo na mlango.